Walimu wakuu, Julai ruhusuni sweta la milia

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwafikie walimu wakuu na kamati za shule za msingi za hapa Dodoma mjini na wilaya zinazotuzunguka. Ombi lenyewe ni dogo. Kuanzia shule zinapofunguliwa Julai hadi Agosti iishe, mtoto aliyekuja na sweta lisilo la rangi ya shule aachwe aingie nalo darasani. Mimi ni fundi wa masweta, kwetu asili ni Kondoa, meza yangu iko Majengo. Nyuzi ninazo, na wenzangu walio tayari kufuma bila malipo wapo. Kinachotukwamisha si fedha, ni rangi.

Walio mbali wanadhani Dodoma ni jua na vumbi tu. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na ikifika Julai joto la usiku hushuka hadi nyuzi 13 au 14, achilia mbali upepo wa kiangazi unaotupiga kutoka mashariki bila kukutana na mti wa maana wa kuupunguza. Wageni waliohamia na wizara tangu mwaka 2016 walikuja na mashati yao ya mikono mifupi ya Dar es Salaam, na hao ndio walionionyesha kwamba fundi wa sweta anaweza kupata mteja mwenye tai. Lakini mtu mzima anatoka nyumbani jua limeshachomoza, na wengi wamepanda gari. Mtoto wa darasa la pili kule vijijini Chamwino au Bahi anatoka saa kumi na mbili, gizagiza, kwa miguu, na shati jeupe la kitambaa ambacho ukikiweka mbele ya taa unaona upande wa pili.

Sasa niwaambie zinakotoka nyuzi. Mavuno yetu sisi mafundi ni Desemba na Januari, wazazi wanapoandaa watoto wa darasa la kwanza na kidato cha kwanza. Tunanunua uzi kwa koni: kijani, damu ya mzee, bluu iliyoiva, kijivu, na njano kidogo ya ukingo wa shingo. Kazi ya mwisho ikitoka, kwenye koni panabaki gramu mia, gramu hamsini, wakati mwingine zaidi. Mtu atauliza, kwa nini usiyatumie mwakani? Kwa sababu kiwanda hakipiki rangi ileile mara mbili. Bluu ya mwaka huu na bluu ya mwaka ujao zikikutana kwenye sweta moja, mzazi aliyelipia anauona mstari pale zilipoungana kabla hajatoka dukani, na ana haki ya kurudishiwa hela yake. Basi mabaki yanakaa kwenye kiroba chini ya meza mpaka panya wanazalia humo. Wengine hujazia mito. Wengine huwashia mkaa, jambo ninalolikemea kila siku, maana uzi wetu mwingi ni akriliki, yaani plastiki, na moshi wake unakata koo.

Sweta la mtoto wa miaka saba au nane halili zaidi ya robo kilo ya uzi. Mabaki ya koni tatu, kila moja ikiwa na gramu mia, yanalitosha.

Kulifuma kuna ujuzi wake na sitaki mtu adhani tunagawa matambara. Siri iko kwenye unene. Nyuzi za koni mbalimbali hazilingani. Ule mwembamba unauchukua mara mbili mpaka ushibe kama mwenzake, la sivyo mkono mmoja unakuwa mrefu kuliko mwingine na kiuno kinapinda. Rangi inabadilishwa mwisho wa mstari, pembeni, kamwe si katikati ya kifua. Unaacha mkia wa urefu wa kidole, na ukimaliza unaurudisha ndani ya vitanzi kwa sindano, kwenda na kurudi. Anayekata mkia mfupi akafunga fundo akaona kazi imekwisha, sweta lake linafumuka kabla halijafuliwa mara tatu. Rangi iliyokoza iwekwe viwikoni, kwenye ncha za mikono na kiunoni, panaposhika uchafu. Tena usichanganye akriliki na sufu ya kondoo katika sweta moja, kwa kuwa sufu ikikutana na maji ya moto inajikunyata na akriliki inabaki ilivyo. Kama hujui ulichoshika, choma ncha ya uzi kwa kiberiti: sufu inanuka nywele zilizoungua, pamba inaacha majivu laini, akriliki inayeyuka na kuganda kipande kigumu cheusi.

Koni zikiisha bado kuna mitumba. Sweta kuukuu la mtu mzima, ambalo hakuna anayelitaka kwa sababu limetoboka kiwiko, lina uzi wa masweta mawili ya watoto. Ila geuza kwanza uangalie mshono wa ndani. Likiwa limekatwa kama kitambaa na kupigwa ovaloki, liache, kwa sababu ukilifumua kila mstari unakatika na unapata vipande vya urefu wa mkono. Kama pande zake zilifumwa kwa umbo lake na kuunganishwa kwa uzi, kata uzi wa kuunganishia, tafuta mwisho wa upande, halafu vuta. Uzi unatoka umejikunja kama nywele zilizofumuliwa mabutu. Unauzungushia kwenye mgongo wa kiti, unaufunga sehemu nne usitatizane, unauosha, unauanika ukiwa umening'inizwa kitu kizito chini. Kesho yake umenyooka. Uingereza, nguo zilipoanza kugawiwa kwa kuponi mwaka 1941 wakati wa Vita Kuu ya Pili, watu walifumua masweta yao vivyo hivyo wakawafumia watoto, na hakuna aliyeona ni jambo la aibu.

Sasa nirudi kwenye rangi. Julai iliyopita alikuja mezani kwangu bibi mmoja wa vijiji vya Chamwino anayelea wajukuu. Nilikuwa nimempa sweta la mjukuu wake, kijivu lenye milia ya kijani na damu ya mzee. Kalileta limekunjwa vizuri ndani ya kanga.

"Shikamoo bibi. Halikumtosha?"

"Marahaba mwanangu. Limemtosha sana. Ila mwalimu wa zamu kamvua mstarini, kasema sare ni sare. Nimelifuata mwenyewe ofisini. Chukua, umpe mtoto wa shule yenye milia."

Shule yenye milia sijaiona bado.

Mwalimu yule simtaji na wala simchukii, maana sheria hakuitunga yeye. Nimezungumza na walimu kadhaa baada ya hapo, wateja wangu hao, na hoja yao ni nzito, siwezi kuipita pembeni. Wanasema sare ndiyo inayomfanya mtoto wa mkulima wa uwele na mtoto wa afisa wa wizara wakae dawati moja bila mmoja kumwona mwenzake mnyonge. Ukiruhusu sweta la msaada lenye rangi zake, umemgonga mtoto muhuri wa umaskini kifuani. Hilo ni kweli. Watoto ni wakali, wataliimbia wimbo.

Lakini tofauti ipo tayari, mwalimu. Pita mstarini saa moja asubuhi mwezi wa saba uangalie. Kuna wenye sweta, na kuna waliojikumbatia mikono ndani ya shati. Ada ilifutwa na tunashukuru, ila sare imebaki mgongoni kwa mzazi, na katika sare sweta ndilo la mwisho kununuliwa, baada ya shati, kaptula au sketi, viatu, soksi na madaftari. Zabibu ikiuzwa vibaya au uwele ukikauka, la mwisho halifikiwi. Huyo ambaye mnaogopa atagongwa muhuri, ameshagongwa na baridi.

Kama milia mingi inawatia hofu, tukae mezani. Ninaweza kufuma mwili wote kwa rangi moja iliyokoza, bluu au kijivu, na mabaki yakaenda mikononi tu kama ukanda mmoja juu ya kiwiko. Ukanda huohuo niuweke kwenye masweta ninayouza kwa wenye uwezo wa shule hiyo, wakikubali, ili asijulikane nani kapewa na nani kanunua. Shule inaweza kusema tunataka bluu na ukanda wa rangi yoyote, nasi tukafuata. Au mseme tu, kama baadhi ya walimu niliowauliza walivyopendekeza, kwamba miezi miwili hiyo sweta halihesabiwi kuwa sare. Njia hii ya pili haigharimu hata karatasi. Mwalimu mkuu anatangaza mstarini, basi.

Binti yangu alinionyesha kwenye simu habari za kisiwa cha Phillip huko Australia. Kuna ndege wadogo wa baharini, pengwini, mafuta ya meli yakimwagika yanawaganda manyoya. Watu wakawafumia visweta, ili ndege asijidonoe akayameza yale mafuta kabla hajaoshwa. Visweta vilimiminika kutoka pande nyingi za dunia, vya kila rangi, mpaka vikazidi idadi ya ndege, vingine vikavalishwa midoli ikauzwa. Nilicheka mpaka nikatokwa machozi. Pengwini kavaa nyekundu na njano, na hakuna mwalimu wa zamu aliyemrudisha baharini.

Mafundi wenzangu nao wana lao. Wananiambia, ukigawa bure, Januari tutamuuzia nani? Wapo wanaolisema kwa hasira. Mimi najibu kwamba bibi yule hajawahi kuwa mteja wetu na hatakuwa. Mteja wa Januari anataka rangi kamili ya shule, isiyo na muungano, na iliyonyooka kola. Hatachukua la milia hata ukimpa. Tena sisi tunagawa Julai, msimu wa kuuza umeshapita, mashine zimefunikwa kitambaa. Anayeona hilo linamwua kibiashara aangalie kwanza kazi yake mwenyewe.

Jingine ninalowaomba mafundi ni kuhusu picha. Mnapogawa, msiwapange watoto ukutani na kuwapiga picha za kutuma kwenye makundi. Mpeni mlezi, kwenye mfuko, aende nalo nyumbani.

Rangi zisizoendana na chochote, waridi na zambarau na ile ya chungwa ambayo mteja aliagiza akapotea, tunawafumia watoto wachanga kofia. Kofia moja haizidi gramu 30. Mtoto mchanga anatakiwa abaki kati ya nyuzi joto 36.5 na 37.5, na aliyezaliwa kabla ya wakati hawezi kujilinda mwenyewe. Ndiyo maana wauguzi wanamweka kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na kofia kichwani. Hapa ni lazima kumuuliza muuguzi kiongozi wa wodi kabla hujashika uzi, anataka ukubwa gani na ngapi. Pamba ni bora kuliko akriliki. Usiweke kifungo, kishada wala kamba ya kufunga kidevuni. Na soksi, kama utazifuma, zigeuze ndani nje ukague kila mkia wa uzi, kwa sababu uzi mmoja uliolegea unaweza kumzunguka mtoto kidole cha mguu ukazuia damu, naye hawezi kusema zaidi ya kulia. Uzi wa pamba wa kufumia, kwa nchi inayolima pamba Simiyu na Shinyanga, hapa Dodoma unautafuta kwa tochi. Hilo waziri wa viwanda akilisoma sitakasirika.

Vipande vifupi kabisa tunavisuka. Seremala jirani alitutengenezea fremu ya mbao yenye misumari juu na chini. Mtande, yaani nyuzi zinazosimama kati ya misumari, ni uzi mgumu wa pamba; mshindio, yaani uzi unaopita katikati yake, ni hayo mabaki, unayapitisha juu na chini na kuyagandamiza kwa kitana kikubwa. Zinatoka zulia ndogo za watoto wa awali kukalia, kule ambako bado wanakaa kwenye sementi. Zulia, nashukuru, hazina sare.

Mafundi wa Majengo, Sabasaba na kwingineko mjini walio tayari, tunakusanya mabaki mwezi wa Mei, ili Juni shule zikifungwa sisi tuwe kwenye mashine. Leteni pamba mbali na akriliki mbali, na yaliyoliwa na panya bakini nayo. Kijani tunacho cha kututosha hadi mwakani. Tunachokosa ni bluu iliyoiva, na mwalimu mkuu mmoja wa kuanza naye.

Fundi wa Masweta,
Majengo, Dodoma