Barua ya wazi kwa dada yangu: yule mama wa Coventry hakuzika hivyo

Dada, shikamoo.

Wiki ya tatu sasa hupokei simu. Najua ni kwa sababu ya sura ya tisa ya rasimu ya riwaya yako, na kwamba niliikosoa mbele ya mashangazi. Basi nakuandikia hapa.

Familia yako ya riwayani, iliyotoka Mayo, Ireland, ikahamia mji wa Coventry, Uingereza, naipenda. Ile hofu ya majirani baada ya bomu la IRA, kundi la wapiganaji wa Ireland, pale Broadgate, katikati ya Coventry, Agosti 25, 1939, lililofichwa kwenye kapu la baiskeli likaua watu 5, umeipatia. Waairishi wasiohusika kabisa waliangaliwa kwa jicho lile. Hapo nililia.

Madogo yanarekebishika. Kaka mkubwa akivuka bahari kwenda Holyhead, bandari ya Wales, mwaka 1938 hahitaji kadi ya safari. Kadi zililetwa na vita. Handaki la mabati la kujikinga na mabomu liondoe. Yale mabati yaliyopinda hufungwa kwa bolti ndani ya shimo la kama mita 1.2, juu yake udongo wa sentimita 38. Linataka bustani, na hawa wamepanga chumba cha ghorofani. Wangekimbilia handaki la umma.

Lakini mazishi, dada! Mama anamwosha mwanawe, anamvisha rozari, anamlaza kwenye kaburi la peke yake. Usiku ule wa Novemba 14, 1940 ndege za Wajerumani zilipiga Coventry tangu saa moja na ushei mpaka alfajiri. Mabomba ya maji yakapasuka, zimamoto wakabaki na mipira mikavu. Walikufa zaidi ya 500. Wengi hawakutambulika. Wakazikwa kwa pamoja, Novemba 20 na 23, makaburi ya London Road: mitaro mirefu, majeneza ubavu kwa ubavu, viongozi wa madhehebu wakisali palepale. Mama wa Mayo hakukabidhiwa mwili. Hayo ndiyo maumivu yake, nawe umemfutia.

Najua kwa nini. Baba Mdogo hatukumwosha, na wewe ndiye uliyebaki nje ya geti na sanda mkononi. Ulitaka mtu mmoja, hata wa kwenye kitabu, apate. Sikupaswa kulisema mezani. Lakini ningenyamaza, kitabu kingetoka na uongo huo, na wanaojua wangekifunga ukurasa ule ule. Nani mwingine angekwambia? Wote walikuwa wanapiga makofi.

Mwache mama asimame nyuma ya watu, asijue jeneza ni lipi. Rozari abaki nayo. Barua ya kwenda Mayo itafunguliwa na wakaguzi, kwa hiyo asitaje kiwanda wala mtaa uliopigwa; aandike tu kwamba mtoto amezikwa na padri alikuwepo. Chai ya msiba nayo isimiminike kama ya kwetu: mgao wa wakati ule wa vita ulikuwa aunsi 2 za majani kwa mtu kwa wiki, kila jirani aje na kijiko chake.

Nitumie rasimu ya pili. Nitaisoma peke yangu.