Msimkamue mama aliyefiwa kwa jina la Samaeli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi seremala hapa Igoma, Mwanza, na kwa miaka karibu 30 sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa majeneza. Sikusomea dini chuoni. Lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu mwezi uliopita, na nikinyamaza nitakuwa nimelishiriki.

Alikuja kwangu mama mmoja muuza dagaa wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka 22, alikuwa mvuvi wa dagaa, wale wa taa. Walikuwa wanne mtumbwini usiku wa giza, upepo ukageuka ghafla, mtumbwi ukapinduka. Watatu walining'inia kwenye mtumbwi mpaka kulipokucha. Yeye alipatikana siku ya tatu. Wanaolijua ziwa wanajua mwili wa siku ya tatu unavyokuwa, kwa hiyo jeneza lilitakiwa jioni ile ile, la paini, na upana niliuongeza inchi nne.

Nikiwa napiga randa kifuniko, mama akafungua pindo la khanga akatoa karatasi. Ilikunjwa mara nne, imelowa mafuta kiasi kwamba maandishi yalionekana upande wa pili. Herufi kubwa, kalamu nyekundu: SAMAELI. AZAZELI. ABADONI. Akaniambia, "Fundi, naomba uipigilie ndani ya kifuniko, upande wa kichwani." Mhubiri mmoja wa hema, simtaji jina wala hema silitaji, alikuwa amemweleza kwamba hao ni malaika wa mauti waliotupwa kutoka mbinguni wakaangukia ziwani, kwamba Samaeli ana kiti chake chini ya maji na ukoo wao una agano naye, na kwamba asipofungwa kwa jina kabla ya mazishi, atarudi kumchukua mdogo wa marehemu. Kufungwa huko kulikuwa na sadaka yake: shilingi laki tatu. Mama alikuwa ameuza chanja zake za kuanikia dagaa ili azipate.

Niliipigilia. Misumari minne ya inchi moja, mmoja kila kona. Mzazi akiniomba kitu juu ya jeneza la mwanawe, sina mdomo wa kubishana naye. Ila usiku ule sikulala, kwa sababu majina yale nayajua.

Nayajua hivi. Nilipokuwa kijana, kabla sijahamia mjini, nilifanya kazi ya kukarabati makabati ya vitabu ya padre mmoja mzee kule Bukumbi. Aliwahi kufundisha Kiebrania seminarini. Mimi nikipiga msasa, yeye alikaa kwenye kigoda akinisimulia vitabu vilivyokuwa vinangoja rafu zao, na jioni niliandika niliyosikia kwenye kaunta buku. Ninalo mpaka leo. Binti yangu anayesoma chuo kule Malimbe amelipitia akilinganisha na vitabu vya maktaba, na palipokosewa amenisahihisha.

Samaeli hayumo katika Biblia. Humo wamo malaika waliotumwa kuua: mwenye kuharibu wa usiku wa Pasaka kule Misri, yule aliyepiga kambi ya Waashuri wakafa watu 185,000 kwa usiku mmoja, na yule aliyeunyooshea mkono Yerusalemu, akafika kwenye kiwanja cha kupuria cha Arauna, akaambiwa basi, yatosha, akaurudisha mkono. Wote hao walitumwa, na aliyewatuma ndiye aliyewazuia. Hakuna mahali ambapo mmoja wao alikuwa na ziwa lake au ushuru wake.

Jina la Samaeli linakuja baadaye, katika maandiko ya Kiyahudi ya nje ya Biblia. Ndani yake mna neno la Kiebrania "sam", maana yake sumu. Yapo masimulizi kwamba ndiye aliyekwenda kuichukua roho ya Musa, na Musa akamfukuza kwa fimbo yake. Mwisho Mungu mwenyewe akaichukua roho ile kwa busu. Kwa hiyo hata wao waliomwita Samaeli walisema mtu aliye upande wa Mungu anaweza kumkimbiza kwa fimbo tu.

Kuhusu malaika wa mauti mwenyewe, Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, ina maneno ambayo nilipoyasikia mara ya kwanza niliiweka chini randa. Wanasema mwili wake wote ni macho. Saa ya mgonjwa ikifika, husimama kichwani pake ameshika upanga uliochomolewa, na kwenye ncha ya upanga limening'inia tone la nyongo. Mgonjwa akimwona hushtuka, akafungua kinywa, na tone likaanguka kinywani. Kwa tone hilo anakufa, kwa tone hilo mwili unaharibika, kwa tone hilo uso unageuka rangi. Mimi nimefunga taya za marehemu wengi kwa kitambaa. Najua kinywa kilivyo. Wazee wale walikuwa wamekaa na wafu wao, wakatafuta maneno ya kile walichokiona. Na katika maneno yote hayo hakuna hata moja linalomtafuta wa kulaumiwa, mama au ukoo.

Nyingine niliyoiandika kurasa tatu ni ya Mfalme Sulemani. Siku moja alimwona malaika wa mauti ana huzuni. Akamuuliza, mbona una huzuni? Akajibu, kwa sababu natakiwa niwachukue hawa waandishi wako wawili. Sulemani aliwapenda, akawapeleka haraka mji wa Luzu, mji ambao malaika wa mauti haruhusiwi kuingia. Walipofika kwenye viunga vya Luzu, kabla ya kuingia, wakafa. Kesho yake malaika yule alikuwa anacheka. Sulemani akamuuliza, mbona unacheka? Akasema, mahali pale pale nilipoagizwa niwachukulie, ndipo ulipowapeleka. Basi Sulemani akasema kwamba miguu ya mtu ndiyo wadhamini wake: inampeleka pale anapotakiwa.

Tazama, Mhariri, malaika huyo alikuwa na huzuni. Ameagizwa, na jambo lenyewe linamuuma. Na kuna rabi mwingine ambaye baada ya kufa alimtokea mwenzake ndotoni. Mwenzake akamuuliza kama aliumia. Akasema ilikuwa kama kutoa unywele katika maziwa. Sisi Wasukuma tunaojua kibuyu cha maziwa tunaelewa huo ni wepesi wa namna gani. Mama yule angeambiwa hilo, japo mara moja.

Sasa Azazeli. Katika Mambo ya Walawi sura ya 16 ni jina linalotajwa pamoja na mbuzi anayepelekwa jangwani. Kinachomweleza kwa kirefu ni Kitabu cha Henoko, katika sehemu yake iitwayo Kitabu cha Walinzi, ambayo ni ya kabla ya Kristo. Malaika 200 walishuka juu ya Mlima Hermoni, kiongozi wao Shemihaza, wakaapa pamoja ili asiwepo wa kurudi nyuma, wakajitwalia wanawake. Wakazaliwa majitu, yakala kila kitu mpaka yakageukia watu. Azazeli aliwafundisha wanadamu kufua panga, visu na ngao, na kutengeneza bangili na wanja wa macho. Wengine walifundisha mizizi na uganga na kusoma nyota. Ndipo malaika Rafaeli akaagizwa amfunge Azazeli mikono na miguu, amtupe katika shimo jangwani, mahali panapoitwa Dudaeli, amfunike mawe makali na kumziba uso asione nuru mpaka siku ya hukumu.

Jangwani, si ziwani. Na amekwisha kufungwa, kwa mujibu wa kitabu chenyewe kilichomfanya ajulikane. Namuuliza mhubiri kwa uchungu kabisa: zile laki tatu zilikuwa za kumfunga nani?

Kitabu hicho kizima kimetunzwa na Waethiopia, kwa lugha yao ya Geez. Kwao ni Maandiko. Mskoti James Bruce, aliyekwenda huko akitafuta chanzo cha Naili, ndiye aliyerudi Ulaya na nakala tatu mwaka 1773. Miaka 85 baadaye, Agosti 1858, Speke naye akaja kutafuta chanzo hicho hicho akaliona ziwa letu hapa Mwanza. Vipande vya Henoko vya Kiaramu vilipatikana katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, katika karne iliyopita. Na asiye na Henoko afungue Waraka wa Yuda: aya ya 6 inataja malaika walioacha makao yao, na aya ya 14 inamnukuu Henoko kwa jina.

Abadoni ni mfupi. Katika Ayubu na Mithali neno hilo ni uharibifu, shimo la wafu. Ni Ufunuo sura ya 9 ndiyo inayomfanya malaika wa kuzimu.

Samaeli anatokea pia kwa Wagnostiki, watu wa karne za kwanza za Ukristo waliofundisha kwamba roho huokolewa kwa maarifa. Maji ya ziwa letu yakitoka Jinja huteremka na Naili mpaka Misri, na kando ya mto huo, karibu na mji wa Nag Hammadi, Desemba 1945 wakulima waliokuwa wakichimba udongo wa mbolea walikuta mtungi wenye vitabu vya Kikopti, lugha ya Wakristo wa kale wa Misri, vilivyofungwa kwa ngozi. Vilikuwa 13. Humo Samaeli si malaika wa mauti tena. Ni mtawala aliyeumba dunia hii bila kujua kwamba yupo aliye juu yake, na jina lake wanalifasiri mungu kipofu. Alijisifu kwamba yeye ndiye Mungu na hakuna mwingine. Sauti ikatoka juu ikamwambia, umekosea, Samaeli.

Mimi ni Mkatoliki, mafundisho hayo siyafuati. Lakini nataka msomaji aone hili. Katika kimoja cha vitabu hivyo, Ufunuo wa Yakobo, wapo watoza ushuru wa mbinguni wanaokaa njiani na kunyang'anya roho zinazopanda. Mtu wa Mwaloni hahitaji kuelezwa mtoza ushuru ni nani. Yakobo anafundishwa cha kufanya akiwafikia, na hafundishwi kulipa. Wakimuuliza yeye ni nani, ajibu kwamba ni mwana na ametoka kwa Baba. Anapita. Hata hao waliowaogopa watawala wa giza kuliko watu wote hawakuweka bei ya kupita.

Jirani yangu Mwislamu, anayeniuzia vanishi, nilimsomea haya yote. Akaniambia kwao Kurani inamtaja malaika wa mauti kuwa amewakilishwa kwenu, yaani amepewa kazi, na jina lake la Izraili limetoka kwenye mapokeo. "Aliyepewa kazi hana duka," akasema.

Narudi ziwani. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama ikija Mwanza, nilikuwa mwanafunzi wa ufundi. Tulipiga mbao mchana na usiku, mikono ikatoka malengelenge, randa ikawa haishikiki. Walikufa watu zaidi ya 800, na wengi tuliwazika hapa hapa Igoma. Wakati ule pia yalisemwa mengi ya majini na mapepo. Meli ilikuwa imejaza watu kupita uwezo wake. Mwaka 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara ikiwa imejaza vile vile, wakafa zaidi ya 220. Tunasema ajali haina kinga. Kijana wa mama huyu hakuwa na boya, wala wenzake watatu. Nimeulizia bei mjini: laki tatu zingetosha maboya ya wote wanne.

Ninachomwomba mhubiri ni kimoja, amrudishie mama fedha yake. Ahubiri atakavyo juu ya malaika, lakini asimwambie mzazi aliyetoka kuzika kwamba damu yake ndiyo iliyomuuza mwanawe. Na karatasi nyingine ya namna ile sitaipigilia tena, aje nani. Mama mwenyewe nimemwambia hivyo.

Nilimfuata Mwaloni Jumamosi iliyopita, nikakaa kwenye gunia pembeni yake nikamsimulia ile ya Sulemani na waandishi wake. Alikuwa anapima dagaa wa mtu mwingine kwa sado, maana chanja hana. Aliposikia mwanzo wake akasimama na sado mkononi.

"Kwa hiyo alikuwa na huzuni, fundi?"

"Ndiyo, mama. Ndivyo walivyoandika."

Hakusema zaidi. Akasawazisha sado kwa kiganja, akamwagia mteja kwenye mfuko.

Giza la mwezi huu linaanza wiki ijayo, na mdogo wa marehemu anarudi majini na wale watatu. Boya moja nimemnunulia mimi, la rangi ya chungwa, lina filimbi. Mengine matatu yanasubiri zile laki tatu.

Fundi seremala,
Igoma, Mwanza
(Jina langu nimelihifadhi kwa ajili ya mama huyo.)