Malalamiko kuhusu kozi yenu ya Jumamosi na CV yangu mliyoiweka ukutani

Dar es Salaam, 3 Juni 2025

Kwa Meneja,

Habari za kazi. Naomba niseme mapema kwamba barua hii nimeiandika mara tatu, ya kwanza ilikuwa na matusi nikaichana mwenyewe, ya pili mama alinikataza kuituma, hii ndo ya tatu na humu nimejitahidi sana kuwa mstaarabu kwahiyo mkiona mahali nimeteleza mnivumilie kama mimi nilivyowavumilia nyie.

Niko mwaka wa tatu, kundi la Jumamosi asubuhi, ile kozi ya kupanga maisha ya kazi na kutafuta ajira kwa wanachuo. Fomu yangu mnayo na masharti yenu mnayajua kuliko mimi. Ninachotaka ni kidogo tu, nirudishiwe hela ya Jumamosi tatu ambazo hamjatufundisha. Nililipa laki na nusu kwa Jumamosi nane, tumesoma tano, tarehe 31 Mei tumefika tumekuta mlango una kufuli na mlinzi anatuuliza sisi eti nyie mmeenda wapi. Hiyo ni shilingi 56,250. Hesabu hiyo haihitaji kochi.

Na hiyo laki na nusu ilitoka kwenye bumu, hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo. Bumu la mtoto wa mkopo ndo chakula, ndo nauli, ndo fotokopi. Mwezi wa tano wote nimekula mlo mmoja kwa siku nikijipa moyo kwamba nawekeza.

Sasa tuje tarehe 17 Mei.

Siku hiyo kochi wenu, yule wa suti ya bluu, alichukua CV yangu akaiweka kwenye projekta. Jina langu kamili, namba ya simu, namba ya NIDA ya kitambulisho cha taifa, mtaa wetu huko Mbagala, vyote vikawa ukutani vikubwa kama bango la kampeni, mbele ya watu kama sitini, akasema leo tunajifunza CV ya kutupa. Hakuniomba ruhusa. CV ile niliituma kwenye imeili yenu kwa sababu tangazo lenu lilisema kila mwanafunzi atasahihishiwa kwa faragha. Neno faragha ni la kwenu nyie, sijalitunga mimi. Akacheka, darasa likacheka, akasema genge sio kazi, genge ni njaa.

Nitarudi hapo.

Kwanza niwaambie kuhusu hayo mafunzo yenyewe maana msije mkadhani nimekasirika kwa kuchekwa tu. Slaidi zenu mmezitoa wapi? Kuna slaidi inasema ukiwa na GPA ya 3.5 uko karibu na kilele, kumbe hiyo ni ya wenzetu wa Marekani wanaohesabu mwisho 4, sisi huku tunahesabu mwisho 5 na hiyo 3.5 ndo unaingia kwa tabu kwenye apa sekondi, daraja la pili la juu. Mtu wa mwaka wa kwanza akiamini hiyo slaidi analala usingizi, anaamka mwaka wa tatu. Alafu makabrasha yenu bado yanatufundisha kuandika barua kwa Sekretarieti ya Ajira, ile ya kazi za serikali, kwa anuani ya Dar es Salaam na kuipeleka posta, wakati Sekretarieti ilishahamia Dodoma na maombi yanapita mtandaoni kwenye Ajira Portal. Kochi akatuambia tena wale ambao vyeti havijatoka tuambatishe tu matokeo ya muda. Jamani! Matangazo yao yenyewe yanaandika wazi kwamba matokeo ya muda hayapokelewi, wanataka cheti chenyewe kilichothibitishwa na wakili. Mimi nilijua kwa sababu kaka yangu alishakataliwa hivyo hivyo. Wale wengine hamsini na kitu nani atawaambia?

Na Jumamosi mbili nzima tumekalishwa tunafanya mazoezi ya "jieleze wewe ni nani" kwa Kiingereza cha puani. Sawa, ni muhimu. Ila usaili wa serikali mara nyingi unaanza na mtihani wa kuandika, wa mchujo, mnaweza kuitwa maelfu wakabaki wachache, kwenye huo mchujo hamna anayekuuliza wewe ni nani. Hilo hamjaligusa ata kwa dakika tano.

Niseme na ukweli mwingine, wiki ya kwanza ilikuwa nzuri. Ilikuwa 26 Aprili, mlitufungulia ata sikukuu ya Muungano nikawasifu. Yule dada aliyefundisha siku hiyo anajua kazi, na yeye ndo aliniambia kwa mdomo wake niandike genge la mama kwenye CV. Nilimwambia dada mimi sina uzoefu, nimefanya fildi miezi miwili tu basi. Akaniuliza baada ya fomu siksi ulikuwa unafanya nini, nikamwambia nilikuwa nasimamia genge mama alipoumwa mgongo, naenda soko la Stereo alfajiri kuchukua nyanya na vitunguu, napanga bei, naandika daftari la madeni. Akasema huo ndo uzoefu, hayo ni manunuzi, hayo ni hesabu, hayo ni kuhudumia wateja, andika na wala usione aibu. Tukaandika wote, sentensi kwa sentensi. Dada huyo wiki ya pili hatukumwona tena na hamkutuambia kaenda wapi.

Kwahiyo tarehe 17 aliyechekwa hakuwa mimi peke yangu, mlikuwa mnacheka somo lenu wenyewe.

Maana ilikuwa hivi. Aliweka ile CV, akachukua kile kitaa chekundu cha kuonyeshea ukutani, akawa anakitembeza juu ya jina langu, akasema "nani huyu, asimame tumwone". Nikasimama. Nilidhani anataka kunisifu, nawaambia ukweli wa Mungu, nilisimama nikiwa natabasamu. Akateremsha kitaa kwenye mstari wa genge akausoma taratibu, neno kwa neno, kama mtu anayesoma tangazo la msiba: alisimamia manunuzi na hesabu za kila siku za genge. Akanyamaza. Akaniuliza "kwa siku ulikuwa unaingiza shingapi?" Sikujibu. Akasema "genge sio kazi mdogo wangu, genge ni njaa, na GPA yenyewe hii, mimi ata bure siwezi kukuajiri". Watu wakaangua kicheko, wa mbele yangu akageuka kabisa kunitazama. Nikabaki nimesimama sijui nikae au niendelee kusimama maana hakuniambia kaa, akahamia kwenye kipengele cha wadhamini akaanza kuchambua kwa nini nimemweka mwalimu wa sekondari, na mimi nimesimama, na namba yangu ya simu bado iko ukutani. Ilikaa pale mpaka mapumziko. Kuna watu walipiga picha, niliona simu zimeinuliwa.

Hilo genge ndo limenilipia ada kidato cha tano na cha sita. Naomba mumfikishie.

Saa mbili usiku ikaingia meseji ya namba nisiyoijua, "mambo muuza genge, nyanya leo shingapi". Kesho yake zikaja mbili. Mpaka leo zinakuja, mmoja ananitaka kimapenzi kabisa. Kubadilisha namba siwezi, namba hiyo ndo iko kwenye akaunti yangu ya mkopo, benki, na Ajira Portal.

Nilipiga simu ofisini kwenu Jumatatu ya tarehe 19, nikaambiwa kochi ndo mtindo wake, anawakomaza vijana. Nikapiga tena, nikaambiwa niandike imeili. Nikaandika, hamkujibu. Ila Ijumaa mlikumbuka kunitumia meseji ya kunikumbusha kesho ni "Siku ya Koneksheni" tusikose.

Nikaenda, mjinga mimi. Mlisema watakuja maafisa ajira wa makampuni. Hakuja ata mmoja. Mkatuwekea slaidi yenye tangazo la TaESA, wale wa huduma za ajira, la mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu, kitu cha serikali ambacho mtu anajisajili mwenyewe bila kulipa senti, alafu dakika kumi baadaye tukapewa fomu ya elfu hamsini ya "kuunganishwa na mwajiri". Hamsini, juu ya laki na nusu! Rafiki yangu anayesoma sheria anasema wakala wa ajira haruhusiwi kumtoza hela mtafuta kazi, na anatakiwa awe na leseni. Leseni yenu sijaiona imebandikwa popote pale ukumbini, mimi nilisoma kuta zote siku ile nimesimamishwa, nilikuwa na muda.

Kwahiyo ile 56,250 niliyosema mwanzo, hapana. Nataka laki na nusu yote, na nataka kochi aniombe radhi mbele ya darasa lile lile, sio kwa simu. CV yangu ifutwe kwenye laptopu yake na popote mlipoihifadhi, na mnijulishe kwa maandishi kwamba imefutwa.

Mna siku saba. Baada ya hapo naenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, maana kuna sheria ya 2022 na namba ya NIDA ya mtu sio kifaa cha kufundishia. Picha za skrini za hizo meseji ninazo zote. Alafu TRA, watu wa kodi, kwa sababu hela yangu mliipokea mkanipa kikaratasi cha kalamu badala ya risiti ya mashine ya EFD, na wao wenyewe wanatuimbia kila siku ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Mimi nadai. Na kwa mshauri wa wanafunzi chuoni nitapita pia, maana mabango yenu yamejaa hosteli na sidhani kama anajua mnafanya nini na bumu za watoto.

Naomba mjibu kwa hii imeili. Namba ya simu msiniombe, mnayo, na mji mzima unayo.

Ni mimi,
Yule wa genge

Nyongeza: Wakati namalizia kuandika nimeona mmeniondoa kwenye grupu la WhatsApp la kozi. Basi zile siku saba ni tatu. Na Ijumaa saa nne asubuhi nitakuwa hapo ofisini na mama yangu, ambaye ile barua ya pili alinikataza kuituma lakini hii ameisoma na kusema twende wote.