Kwa nini simu yako ya mkopo tunaipa bei ya chini

Kila mara hakosekani mteja anayetoka hapa dukani kwetu Makoroboi, Mwanza, akitutangaza kwamba tumetaka kumwibia. Maelezo yake ni yaleyale: simu mpya aliyoichukua kwa mkopo, kioo hakina mkwaruzo, boksi na chaja vipo, anataka kuiuza aongezee hela achukue simu huru, isiyodaiwa. Tukimtajia bei anaguna. "Bosi, hii dukani ni laki nne!" Ndiyo, ni laki nne, ila ile ya dukani haidaiwi na mtu.

Loki ya mkopo, ile inayoifunga simu usipolipa, imeshikizwa kwenye IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Vijana wanakwambia watakuflashia, yaani kuifuta na kuiwekea mfumo upya, kwa elfu thelathini, na kweli simu inawaka safi, unafurahi. Ikishika bando tu inawasiliana na seva ya waliokukopesha, maandishi ya kudaiwa yanarudi kwenye kioo. Kuna kaka wa Igoma alituletea yake ikiwa imeflashiwa na mafundi wawili tofauti. Ukibonyeza *#06# uone IMEI, haitoi namba yoyote, laini haisomi, na marejesho bado anadaiwa. Tulimrudishia tu, hata ya vipuri hatukuitaka.

Tufanye hesabu ya mfano. Simu yako iliyotumika, ikiwa huru, inauzika 350,000. Deni limebaki 210,000. Mtaani wanakupa 120,000 taslimu, unaona umepata. Lakini mkataba uliusaini kwa NIDA yako, deni halihami na simu, kwa hiyo umejiachia hasara ya 90,000. Ukimaliza deni kwanza ndipo uuze, unabaki na 140,000 mkononi na jina safi. Na yule uliyemuuzia, siku ukiacha kulipa, simu inajifunga mikononi mwake. Atakutafuta. Mwanza si kubwa kiasi hicho.

Zipo pia zinazotoka Marekani, zilizofungwa zikubali laini za kampuni moja tu. Kampuni za kule kama AT&T na T-Mobile hufungua baada ya simu kulipiwa yote; ikiletwa huku kabla ya hapo, watu wanaweka kile kichipu chini ya laini kuidanganya. Mama mmoja anayenunua dagaa Ukerewe aliuziwa ya hivyo kama simu huru. Akasasisha mfumo akiwa kisiwani, mtandao ukakata, wateja wake wa soko la Mwaloni wanapiga hapatikani. Kwenye iPhone nenda sehemu ya maelezo ya simu, soma mstari wa kufungwa kwa mtandao kabla hujatoa hata mia. Tena toa laini uone kama kuna kichipu kimekaa chini yake. Wauzaji wengi wanaomba usiitoe.

Sisi kila simu tunairiseti mbele ya mwenyewe, tunaiunga na intaneti kabla ya kuweka akaunti yoyote, tunajaribu laini za mitandao miwili kwa kupiga na kupokea. IMEI tunaituma 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, tuone aina inayojibiwa inalingana na simu tuliyoshika. Majibu hayo hayakwambii kama inadaiwa, ndiyo maana hatuishii hapo. Kazi hii inakula muda, na wapo wanaonuna wakisubiri. Wanune.

Kama deni ni dogo kuliko thamani ya simu, tunakulipia sisi. Pesa tunaituma moja kwa moja kwa waliokukopesha kwa namba yako ya malipo, hatukupi mkononi. Loki ikitoka tunairiseti tena, tunakata tuliyolipa pamoja na 15,000 ya kazi, inayobaki unachukua taslimu au unaongezea upate simu huru. Hiyo 15,000 haipungui, hata ukija na mjomba wako.

Njoo na kitambulisho chako cha NIDA na laini uliyosajilia mkopo, ikiwa hewani. Simu ya mkopo wa shemeji hatuigusi mpaka shemeji aje mwenyewe. Na uje asubuhi, maana kuna siku loki inachelewa kutoka hadi jioni, na wateja wa Sengerema wanakuwa na haraka ya kurudi.