Shukrani kwa fundi aliyenisikilizisha swichi

Ndugu fundi, sikukuuliza jina, lakini shukrani zangu zikufikie popote ulipo.

Mashine yetu ya kufulia, ile ya zamani ya kufungulia juu, ilikuwa inaingiza maji bila kukoma. Nilishaamini vali, ile inayofungua na kufunga maji yanayoingia, imekufa. Wewe ukaniambia kwanza nichomoe plagi, nitazame kama maji bado yanaingia. Yakakoma papo hapo. "Basi vali ni nzima, inafunga umeme ukikatika," ukasema, ukafungua sehemu ya swichi ya kupima maji. Ukanionyesha mrija mwembamba unaoshuka hadi chini ya pipa: maji yakipanda, hewa iliyonaswa ndani ya mrija husukuma kiwambo, yaani utando mwembamba ndani ya swichi, na swichi inakata maji. Mrija wetu ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, pale unapochomekwa kwenye swichi. Hewa ikawa inavuja. Ukakata kile kipande kibovu, ukauchomeka tena. Basi!

Ungeweza kuniuzia vali mpya, nami ningelipa bila kujua. Badala yake ulinipa mrija niupulize taratibu, nisikie swichi ikilia "tak". Mlio ule bado ninao masikioni. Ahsante sana, fundi wangu. Mungu akuzidishie.