Usizitoe bado hizo rekasheni

Mpendwa Zuhura,

Salaam nyingi. Natumai wewe na wa nyumbani hamjambo. Sisi huku tu wazima. Umeniuliza kama uzitoe funksheni zote zinazojiita kwenye programu yako ya C, uweke lupu, maana umeambiwa rekasheni ni nzito. Usizitoe bado. Kuita funksheni ni nafuu kuliko wengi wanavyodhani.

Kwenye prosesa ya x86-64 chini ya Linux, thamani sita za kwanza unazoipa funksheni, zikiwa nambari kamili au pointa (anwani za kumbukumbu), hupita ndani ya rejista, yaani nafasi chache za kasi ndani ya prosesa, bila kugusa kumbukumbu. Amri ya `call` huweka anwani ya kurudi juu ya staki (sehemu ya kumbukumbu ambako kila mwito huweka vitu vyake), baiti 8, kisha huruka. `ret` huichukua na kurudi, na kwa kawaida prosesa huwa imeshabashiri inakorudi. Yote hayo ni mapigo machache ya saa. Ila usipime kwa `-O0`, yaani kompaila ikiwa haiboreshi msimbo: hapo kila kigeu huandikwa kwenye staki na kusomwa tena. Pima kwa `-O2`, inapouboresha.

Ile `fib(n-1) + fib(n-2)` yako ya nambari za Fibonacci ni polepole kwa sababu nyingine kabisa. Kwa n = 40 funksheni huitwa mara 331,160,281, karibu zote zikihesabu upya yaliyokwisha kuhesabiwa. Weka majibu kwenye safu ya nafasi 41, uangalie humo kabla ya kuhesabu. Rekasheni itabaki ileile na jibu litatoka papo hapo.

Cha kuogopa ni kina, yaani miito mingapi iko wazi kwa pamoja, kila mmoja ukisubiri wa ndani yake umalize. Staki ya Linux kwa kawaida ni MB 8 (andika `ulimit -s`, utaona 8192, yaani KB). Windows hukupa MB 1 tu. Sasa tazama mstari huu wa kujumlisha orodha ya viungo, kila kiungo kikiwa na pointa ya kinachofuata:

`return k->thamani + jumla(k->kifuatacho);`

Kwa `-O0`, fremu (nafasi ya mwito mmoja kwenye staki) ikiwa ya baiti 48, utafika viungo 174,000 hivi, kisha programu inaanguka kwa "Segmentation fault". Kwa `-O2`, kompaila ya GCC huigeuza yenyewe kuwa lupu, na viungo milioni vinapita salama. Ndiyo maana programu hiyohiyo huanguka kwako na kufanya kazi kwa mwenzako. Lakini badilisha aina ya thamani kutoka `long` (nambari kamili) iwe `double` (ya desimali) uone: kompaila hairuhusiwi kupanga upya ujumlishaji wa desimali, kwa kuwa jibu linaweza kubadilika kidogo, hivyo rekasheni inabaki. Hata kwa fremu ya baiti 16 tu, viungo milioni moja vinataka baiti milioni 16, na huna.

Dawa ni kubeba jumla ya hadi sasa (hapa `hadi`) ukienda nayo, ili mwito uwe jambo la mwisho kabisa:

`return jumla(k->kifuatacho, hadi + k->thamani);`

Hapo hakuna kinachosubiri kurudi, kwa hiyo `call` hugeuka kuwa kuruka tu, na staki haikui. Usiamini kwa macho. Kompaili kwa `gcc -O2 -S`, fungua faili la `.s` (amri za prosesa alizotoa kompaila), utafute `call jumla` ndani ya `jumla` yenyewe. Ikiwepo, haikugeuzwa. Mara nyingi chanzo ni safu ya ndani ambayo pointa yake imepewa funksheni nyingine. Lugha ya C haikuahidi mageuzi hayo. Clang, kompaila nyingine, ina `musttail`, ambayo hukataa kukompaili yasipowezekana, nami naipenda kwa sababu hiyo.

Halafu ile funksheni yako ya kupita kwenye folda ina `char njia[4096]`, yaani baiti 4096 kwa kila mwito. MB 8 ukigawa kwa 4096 ni 2048, kwa hiyo hutafika hata kina hicho. Tumia bafa (safu) moja kwa miito yote, uipitishe kwa pointa.

Kwenye quicksort, ile njia ya kupanga data kwa kuigawa pande mbili, jiite kwa upande mdogo tu, ule mkubwa uendelee nao kwa lupu. Kwa vipengele milioni moja kina hakitazidi 20, hata data ikija imeshapangwa. Kasi itabaki mbaya ukichagua kipengele cha kwanza kuwa cha kulinganishia, lakini programu haitaanguka.

Nitumie hilo faili la `.s` la `jumla` tulisome pamoja. Wasalimie watoto.

Wako,
Hamisi