Homa ya siku tano isiyosikia dawa: tunachowaambia wazazi kuhusu ugonjwa wa Kawasaki

Mzazi akija dukani kwetu kuomba antibaiotiki ya pili kwa mtoto mwenye homa ya siku tano, hatumuuzii. Tunajua inaudhi, hasa kama ameshapima malaria na mkojo na hakuna kilichoonekana. Lakini upo ugonjwa ambao siku zinazopotea kwa kujaribu dawa nyumbani ndizo siku za kuutibu.

Daktari wa watoto wa Japani, Tomisaku Kawasaki, alimwona mgonjwa wa kwanza wa ugonjwa huu mwaka 1961, na mwaka 1967 akachapisha taarifa za watoto 50. Chanzo hakijajulikana mpaka leo. Kuta za mishipa ya damu huvimba, na hatari kubwa iko kwenye mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Wasipotibiwa, karibu mtoto 1 kati ya 4 hupata mishipa ya moyo iliyotuna. Wakitibiwa mapema, ni kama 1 kati ya 20.

Huwapata zaidi walio chini ya miaka mitano. Pamoja na homa, tazameni macho yote mawili kuwa mekundu bila tongotongo, midomo kukauka na kupasuka, ulimi mwekundu wenye vinundu, vipele mwilini, viganja na nyayo kuvimba, au tezi shingoni. Kwenye ngozi nyeusi vipele havionekani kirahisi, basi macho na midomo ndivyo vya kuangaliwa kwanza. Dalili hazitokei zote kwa pamoja. Nyingine hupotea kabla hamjafika hospitali, kwa hiyo zipigeni picha kwa simu. Mtoto wa chini ya mwaka anaweza kuwa na homa na dalili moja au mbili tu, na huyo ndiye tunayemhofia zaidi. Msisubiri ngozi ya vidole ibanduke: hilo huja wiki ya pili au ya tatu.

Tiba iko hospitali. Ni dripu ya immunoglobulini (kingamwili), gramu 2 kwa kila kilo ya uzito, inayoingia kwa saa 10 hadi 12, na inatakiwa itolewe kabla homa haijapita siku 10. Mtoto wa kilo 12 anahitaji gramu 24. Dawa hii hutengenezwa kwa damu ya maelfu ya wachangiaji, ndiyo maana bei yake ni kubwa. Mwenye bima aulize mapema. Aliyechelewa naye apelekwe, maana kama homa bado ipo daktari anaweza kumtibu. Moyo hupimwa kwa ultrasaundi, na kipimo hurudiwa wiki zinazofuata.

Sisi tunaingia mtoto akisharuhusiwa. Atarudi na aspirini, dawa ambayo kwa kawaida hatuwapi watoto. Hii ameandikiwa na daktari: msiiache wenyewe, na akipata mafua makali au tetekuwanga rudini kwa daktari siku hiyohiyo, kwani aspirini ikikutana na magonjwa hayo inaweza kudhuru ini na ubongo. Msimpe ibuprofeni, inapunguza kazi ya aspirini. Chanjo ya surua na rubella nayo husogezwa miezi 11 baada ya dripu, jambo ambalo nesi wa kliniki hawezi kulijua asipoambiwa.

Njooni na karatasi ya hospitali pamoja na kadi ya kliniki. Tutapima uzito wa mtoto, tutahakiki dozi ya aspirini bila malipo, na tutaandika tarehe ya dripu kwenye kadi.